Njia ya Nne

Ijumaa ilikuwa siku ya kufua katika nyumba ya wafanyakazi wa hoteli kule Al Wukair, nje kidogo ya Doha. Wanawake kumi na wawili walikuwa na kamba tatu za kuanikia nguo nyuma ya nyumba, na kila mmoja alikijua kipande chake cha kamba. Warda wa Makunduchi ndiye peke yake aliyeanua nguo zake kabla ya saa tisa na robo alasiri. Kamba yake ilipita juu ya njia ya Pamela, na saa tisa na robo juu ya njia ile hunyesha manyunyu.

Njia hiyo ilikuwa ya nne katika kiwanja cha mbio cha Chuo cha Ualimu cha Kaptuiyot, nchini Kenya, na Pamela aliipata kihalali, kwa barua yenye muhuri. Mwaka 2008 bodi ya chuo ilikaa kikao, ikaona kwamba riadha inakula fedha nyingi na hairudishi kitu. Kila mwanafunzi alikuwa akilipa ada ya michezo kila muhula, hilo bodi haikulikana. Ila ada ile ilikuwa imejenga uzio mpya, na dizeli ya basi la kwenda mashindano ya mkoa ilikuwa imetumika kumleta mgeni wa heshima aliyekuja kuufungua uzio. Basi timu ikavunjwa siku ya Alhamisi, wakati wa mazoezi.

Pamela alikuwa kwenye kona ya tatu. Siku ile alikuwa akipimwa muda wa kwenda mkoani, peke yake uwanjani, na Mwalimu Virginia, kocha wao, alikuwa amesimama mwisho na saa yake ya kupimia mbio, yenye mshale mmoja. Mkuu wa chuo akaingia na karatasi, na vibarua wawili nyuma yake. Vibarua hawakuwa na makosa, walitumwa. Wakaanza na kilichokuwa karibu, ambacho ni mstari wa kumalizia. Wakaukunja na kuupeleka stoo. Pamela alipotoka kona ya nne hakukuta cha kuvuka. Akakimbia hatua chache zaidi kwa adabu, kisha akasimama.

Mwalimu Virginia hakuibonyeza saa. Alikuwa mtu wa kanuni, na kwa kanuni, asiyevuka mstari hajamaliza. Akampa Pamela saa ile ikiwa bado inakwenda, akamwambia aitunze mpaka amalize. Mwezi huohuo na yeye akahamishiwa shule ya msingi iliyo mbali na lami.

Wakimbiaji walikuwa wakikidai chuo marupurupu ya mihula miwili. Kwa kuwa fedha haikuwepo, chuo kiliwagawia kiwanja, kila mtu njia moja. Pale ndipo fujo ilipoanza, maana watu wa Kaptuiyot wakisikia kugawiwa wanafikiria shamba, na shamba ni ukubwa. Njia ya kwanza ina mita mia nne, ya nane ina mia nne hamsini na tatu. Wote wakaitaka ya nane. Mpima ardhi aliletwa na mnyororo wake, wazee wa koo mbili wakakaa kama mashahidi, na mshindi wa mbio za mita mia moja akaapa kwamba hatamsamehe aliyepewa ya nane. Pamela alipata ya nne. Mama yake alinuna wiki nzima, akisema mwanawe amedhulumiwa mita thelathini na moja.

Pamela akaikunja njia yake kama mkeka, akaifunga kwa kamba ya katani, na mwaka uliofuata alipopata kazi ya usafi katika hoteli moja kule The Pearl, alisafiri nayo. Katika uwanja wa ndege wa Doha, ofisa aliipitisha kwenye mashine, akauliza ni nini. Pamela akasema ni njia. Ofisa akaipima, ikawa kilo tisa, akaigonga muhuri pamoja na pasipoti.

Al Wukair ya miaka ile ilikuwa na viwanja vitupu vingi. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kimoja, na pembeni yake jengo ambalo halijaisha. Ijumaa ya kwanza Pamela akaikunjua pale. Njia ilijua kona zake yenyewe. Ilizunguka tangi la maji, ikapita kando ya rundo la matofali, ikarudi mpaka mlangoni, nyekundu, na chokaa yake pande zote mbili.

Baridi ya Kaptuiyot ilikuwa juu yake. Ukiweka mguu unasikia harufu ya ngano mbichi na moshi wa jiko la chuo, na ukifika kona ya tatu saa kumi unasikia kengele ya chai. Mlinzi wa lile jengo, mzee wa Peshawar, alihamishia kiti chake kandokando ya njia mwezi wa Juni, akakitoa Oktoba. Mkubwa wa nyumba alikuja mara moja tu, kusema kwamba sheria za kampuni haziruhusu vitu kuachwa nje. Kwa hiyo Pamela aliikunjua kila Ijumaa asubuhi na kuikunja magharibi, na siku sita nyingine aliiweka chini ya kitanda.

Warda, aliyelala kitanda cha pili, alijaribu kukimbia juu yake mara moja akaishia njiani ameshika kiuno.

"Shoga, hapa kwako pumzi haishiki," alisema.

"Ni juu sana," Pamela akamweleza. "Kwetu ni mlimani."

Warda akaona bora apande mchicha. Manyunyu yalikuwa yakipotea bure, na yeye kwao hawapotezi maji. Akapanda mistari miwili kuizunguka njia yote, na chumba chao kikaacha kununua mboga. Jioni walikula mchicha, kisha wakalala kwa mlio wa saa ya Mwalimu Virginia, ambayo ilikuwa ndani ya sanduku la Pamela ikiendelea kuhesabu. Haikuwahi kutiwa ufunguo. Warda alisema inamlaza vizuri kuliko feni.

Pamela alikuwa na furaha ile ya Ijumaa, hana haja ya kuificha. Siku sita alipanga mashuka ya watu wasiomjua jina. Ya saba alikuwa na miaka ishirini na mbili, miguu yake myepesi, na Mwalimu Virginia amesimama mwisho. Kasoro ilikuwa moja. Kila alipomaliza mzunguko hakukuta mstari, na kila mara alikimbia hatua chache zaidi, akasimama.

Mwaka 2012 mdogo wake Cherotich aliingia chuo kilekile cha Kaptuiyot. Pamela ndiye aliyelipa karo. Kwenye karatasi ya karo, mstari wa tatu ulikuwa ada ya michezo. Aliusoma mara mbili, akalipa, kwa sababu chuo hakipokei karo iliyopungua mstari.

Cherotich alikuwa akikimbia kumshinda dada yake, na nyumbani wote walilijua hilo. Lakini kiwanja kilikuwa kimekodishwa, kimelimwa mahindi. Alikuwa akikimbia barabarani, na malori ya mbao yakamtoa barabarani mara mbili. Jioni moja akapiga simu. Alizunguka mbali kwanza, akauliza hali ya joto, akamsalimia Warda, ndipo akafika alipokuwa akienda.

"Dada, hiyo njia bado unaitumia ama?"

Pamela akasema atafikiria. Alifikiria wiki tatu, na zilimuuma. Ijumaa ya mwisho alikimbia mizunguko kumi na minane, akaketi kona ya tatu mpaka kengele ya chai ilipolia. Kisha akaikunja.

Aliipeleka kwa mkono wa Wesley, dereva wa Al Rayyan aliyekuwa akienda likizo Kenya. Wesley akashauri ampe Cherotich mwenyewe, mkononi, langoni. Pamela akakataa. Alikuwa amelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri hapitishi kitu cha chuo mlango wa nyuma. Akamwagiza aifikishe ofisini, isainiwe, ipigwe muhuri. Wesley alifanya hivyohivyo, na akarudi Doha na stakabadhi nzuri sana.

Baada ya mwezi ikaja barua. Chuo kilimshukuru Pamela kwa mchango wake katika kuboresha mazingira. Mahafali yalikuwa yamekaribia, na wageni wamekuwa wakilalamikia tope. Njia ya nne ilikuwa imetandazwa kutoka langoni, ikazunguka mlingoti wa bendera, ikafika ofisi ya mkuu wa chuo na kurudi. Magari yanapita vizuri. Cherotich alikimbia juu yake alfajiri kwa majuma mawili, kabla wageni hawajafika, kisha askari wa lango akaonyeshwa agizo la kumzuia. Ada ya michezo iliendelea kuwa mstari wa tatu.

Pamela aliisoma barua ile amekaa kitandani. Akalia, si sana, kwa kuwa zamu ilikuwa inamngoja. Warda akamwambia aende, mboga ataangalia yeye. Na kweli, Ijumaa saa tisa na robo, manyunyu yalinyesha palepale nyuma ya nyumba kama kawaida, ingawa njia haikuwepo. Yalikuwa yameshazoea. Mchicha uliendelea kukua, mistari miwili ya kijani kuzunguka tangi na matofali.

Cherotich alihitimu mwaka 2014, na kazi ya ualimu hakuipata, kama wenzake wote wa mwaka ule. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mhasibu wa chuo na risiti zake, akaomba kwa upole apewe michezo aliyoilipia. Mhasibu alikuwa mtu wa haki. Akaingia stoo, akatafuta, akatoka na kopo la mafuta ya kupikia. Ndani yake ulikuwa umeviringishwa mstari wa kumalizia. Kingine, alisema, hakijabaki.

Cherotich akatua Doha mwaka 2015, katika uwanja mpya wa ndege, na mkataba wa ulinzi na lile kopo. Ijumaa yake ya kwanza alikuja Al Wukair. Walipika ugali, wakala mchicha wa Warda. Kisha Cherotich akatoka nje, akafungua kopo, akaulaza mstari mbele ya mlango, kutoka mchicha mpaka mchicha. Chokaa ilikuwa bado nyeupe.

"Dada, malizia basi," alisema.

Pamela alikuwa na miaka ishirini na tisa na goti lililozoea ngazi. Akavua kandambili. Akaenda taratibu mpaka kona ya tatu, pale alipoachwa, na Warda akaitoa saa sandukuni. Saa tisa na robo ikafika, manyunyu yakaanza. Pamela akakimbia kati ya mistari ya mchicha, akatoka kona ya nne, akauona mstari kwa mbali. Alikuwa akilia waziwazi, na hilo halikumpunguza mwendo. Akavuka. Warda akabonyeza.

Saa ya Mwalimu Virginia ilijua sekunde tu, miaka hakuna aliyeifundisha. Warda akaisoma kwa sauti: "Hamsini na nane."

Pamela alikuwa ameinama, mikono magotini.

"Mkoani walikuwa wanataka sitini," alisema.

 Usiku ule, saa ikiwa imesimama, chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na Warda alikosa usingizi.

Wiki iliyofuata chuo cha Kaptuiyot kilituma karatasi za kujiunga za Stacy, mdogo wao wa mwisho. Jalada lilikuwa na picha ya kiwanja cha njia nane, chini ya maneno ya kuwakaribisha wenye vipaji. Kwenye njia ya nne, kona ya tatu, alikuwa msichana anayekimbia peke yake, na Cherotich alimtambua kabla ya Pamela mwenyewe. Ndani, mstari wa tatu, ada ya michezo ilikuwa imepanda. Pamela akalipa. Stacy naye anakimbia.