Jina la Tukummeq

Bibiane alikuwa jikoni akikatakata ngozi ya nyangumi wa pembe kwa kisu chake cha mviringo, vipande vyembamba vya kutafuna na kahawa, mama yake alipofungua mlango bila kubisha hodi. Mama alikuwa amezikwa mwaka uliopita, nyuma ya kanisa, chini ya mawe na msalaba mweupe. Alivua buti mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake. Maji ya chumvi yalimchuruzika mpaka kwenye zulia.

"Karibu, Mama," alisema Bibiane.

Mama akaitazama sahani. "Huyo ni nani?"

"Simjui. Kaleta Otto."

"Basi mfunike."

Bibiane akafunika sahani kwa kitambaa, akabandika barafu jikoni iyeyuke, maana wa baharini hufika na kiu ya maji yasiyo na chumvi. Hata sili aliyekwisha kuuawa hutiwa maji mdomoni kabla ya kuchunwa. Mama alikunywa ndoo nzima. Kisha akajaribu kuegemea kiti, akaguna. Chini ya sweta yake, katikati ya mgongo, kilikuwepo kifaa cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kimekazwa kwa skrubu zilizopenya nyama.

Hilo alilisababisha Bibiane mwenyewe, na alilijua. Pale kijijini jina halizikwi pamoja na mtu. Anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe, amerudi. Jirani yao Otto, mzee wa watu, humwita mjukuu wake anayenyonya "Baba," na humwomba radhi kabla ya kumbadilisha nepi. Hakuna anayecheka. Sasa, mwishoni mwa kiangazi, nyangumi jike alinaswa katika wavu wa Signe, yule mtafiti kutoka Denmaki anayekuja Grinlandi kila mwaka kufuatilia nyangumi wanavyohangaika na barafu inayopungua. Otto alishika mkia, Bibiane akashika kichwa, Signe akakaza skrubu. "Tumpe jina gani huyu?" Signe akauliza. Nyumbani kwa Bibiane hapakuwa na mtoto wa kumpa jina, na alikuwa amemkumbuka mama yake kupita kiasi. Akataja jina la mama: "Tukummeq."

Signe alisema ni jina zuri. Alikuwa na haki ya kusema, kwani alilala kwenye kochi la Bibiane miaka yote hiyo, na siku ya maziko alimlilia Tukummeq kuliko baadhi ya ndugu. Bibiane hakuwa na dada. Alimhesabu huyo kuwa ndiye dada.

Jioni ile ile Signe aliingia kutoka ufukweni, akamkuta bibi kizee jikoni. Akampa mkono, akamuuliza habari za vilindi, kisha akamwomba ageuke amwangalie mgongo.

"Kinauma, mwanangu," alisema Mama.

"Vumilia kidogo, Mama. Hiki kitatuonyesha unapopita wakati wa barafu. Nikiwapelekea wakubwa ramani yako, hakuna meli itakayothubutu kukatiza njia yako."

"Haya. Nikae wapi sasa?"

"Hapo dirishani. Kinapenda kuona anga, ndipo kitume habari."

Tangu hapo kila Mama alipokuja alikaa kwenye kigoda cha dirishani, mgongo ukielekea kioo. Alikuja jioni nyingi za msimu ule. Alilalamika kuwa kahawa ya siku hizi ni maji ya kuoshea vyombo. Alimtania Otto kwa kitambi chake, naye Otto akamwambia wewe ni nani wa kusema, ona mafuta hayo. Alieleza pia kwamba barafu imekuwa nyembamba mno, lakini ziko nyufa zinazofunguka mapema kule rasini, na hapo ndipo wote hupandia kupumua na watoto wao.

Jua liliporudi baada ya giza la majira ya baridi, watu waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Kulikuwa na kahawa na keki. Bwana mmoja wa mgodi uliokuwa ukifunguliwa karibu na kijiji alibandika ramani ukutani, yenye mstari mwekundu kutoka bahari kuu hadi kwenye gati jipya. Mstari ulizunguka rasi, ukaruka kutoka ufa hadi ufa, na mahali pamoja ukapinda kidogo, pale ambapo Mama husimama kula samaki. Bibiane aliutambua kama mtu anavyotambua mwendo wa mzazi wake kwa mbali.

"Hiyo njia ya meli mmeipata wapi?" aliuliza Otto.

"Kwa wanyama wenyewe," alijibu bwana yule kwa furaha. "Wao ndio wanaojua barafu inapofunguka kwanza."

Signe alikaa mstari wa mbele, akitazama viatu vyake.

"Signe," alisema Bibiane, "jikoni kwangu ulisema nini?"

"Bibiane, mgodi ndio uliogharamia vifaa. Ramani si yangu peke yangu."

"Sijakuuliza vifaa vya nani. Huyo ni mama yangu."

"Najua," alisema Signe.

Na kweli alijua. Hilo ndilo lililomchoma Bibiane kuliko meli yenyewe. Angekuwa hajui, angesamehewa. Lakini alimpa yule mama mkono, akamwita Mama, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku anakunywa kahawa yake.

Meli ya kwanza ilipita mwezi wa nne. Vikombe viligongana kabatini. Jioni Mama alikuja akipapasa ukuta, maana wa baharini huona njia kwa masikio, akajigonga kwenye mlango, akakaa. Bibiane alichukua spana, akazungusha skrubu moja. Damu ikatoka. Mama akamshika mkono.

"Acha. Signe atajuaje ninapopita?" Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea viziwi. "Kuna meli imeingia njiani kwangu. Mwambie upesi, hajui yule mtoto."

"Anajua, Mama."

"Eh?"

"Anajua! Ametuuza! Ndiye aliyewapa njia yako, na jina nilimpa mimi!"

Mbwa wa Otto walisimama kwenye minyororo yao. Taa ziliwaka nyumba za juu na za chini. Otto alifungua dirisha lake, akasikiliza, akalifunga polepole. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

Mama aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri," alisema. "Mpe salamu zangu."

Akakivuta kigoda karibu zaidi na dirisha, akageuka, akanyoosha mgongo ili kifaa kione anga.