Kiti cha Selo

Mpiga selo alifika uwanja wa ndege saa mbili asubuhi na tiketi mbili: moja yake, moja ya selo, ile fidla kubwa inayopigwa ikiwa katikati ya magoti. Nyuzi alikuwa amezilegeza tangu nyumbani, ili shingo ya selo isielemewe huko angani. Kesho yake saa nne alitakiwa kupiga mbele ya majaji wa okestra, ambao hawakumpokea mtu aliyetimiza miaka thelathini na sita. Yeye angeitimiza Jumamosi.

Kosa alilifanya wakati wa kukata tiketi. Kompyuta ya shirika ilikataa kiti kisicho na jina la mtu, na mkata tiketi akamwambia aandike lolote. Akaandika la marehemu baba yake, fundi aliyeichonga selo hiyo kwa miezi kumi na minne. Aliona anampa heshima yake.

Kwenye mlango wa ndege, karani alitazama orodha, kisha kasha la selo.

"Hili linakwenda chini na mizigo, dada."

"Limelipiwa kiti. Kumi na nne A, dirishani."

"Hicho kina mtu. Ameshakaa."

Mpiga selo akaingia kuhakikisha. Baba yake alikuwa pale, na aproni yake ya karakana, unga wa mbao kwenye nyusi, mkanda ameufunga. Miaka sita tangu wamzike. Mhudumu alikuwa ameshampa maji.

"Baba, hicho ni kiti cha selo."

"Jina ni langu," mzee akasema, akamwonyesha pasi yake ya kupandia ndege. "Soma mwenyewe."

Mtu mwingine angeisema kauli hiyo asilaumiwe. Lakini mzee huyu! Maisha yake yote selo zilikaa kiti cha mbele cha gari, zimefungwa mkanda, mkewe na binti wamebanana nyuma na mbao. Hata siku binti alipokuwa anawaka homa, alipelekwa hospitali akiwa nyuma. Chombo kwanza, mzee alikuwa akisema, na binti akaamini mpaka akakua.

"Sijawahi kupanda ndege, mwanangu," akasema sasa. "Niache basi."

Mhudumu akamwomba dada asizibe njia. Kupitia dirishani, juu ya bega la baba yake, aliona kasha likiteremshwa, limelazwa kifudifudi.

Walipofika, shingo ilikuwa imevunjika kwenye shina. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba.

"Inaungika," akasema. "Siku tatu. Gundi haiharakishwi."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi binti. Mabaya ya shirika la ndege aliyatarajia. Ya baba yake hakuyatarajia kabisa. Dawati la malalamiko lilimpa fomu iliyouliza kama abiria wote wawili walifika salama. Walifika. Akatia sahihi.

Tiketi zilikuwa za kwenda na kurudi. Jumamosi alipopanda, mzee alikuwa ameshakaa dirishani. Binti akaketi kando yake na upinde wa selo mapajani, maana huo waliuruhusu. Mawingu yalipotokea, baba akamgusa kiwiko ayaone. Akayatazama. Yalikuwa mazuri.

"Miaka yote ile nilikaa nyuma kwa ajili ya selo, baba."

"Najua," mzee akasema, akaomba maji mengine.