Meli Isiyoomba Kuni

Mimi si mtu wa kumkumbuka mtu. Kaka yangu Mwakio ana mwaka wa sita ng'ambo, mpishi kwenye meli ya kijeshi inayobeba ndege, na sijawahi kusema nimemkumbuka, hata kwa mzaha. Wa machozi ni dada yetu Wakesho. Mimi nashiba, najilaza kwenye kochi kwetu Voi, mchana kweupe, nafumba macho, na kochi linatetemeka, sakafu inageuka chuma, nami natembea kwenye ujia usio na mwisho, mlango baada ya mlango, kila ukuta kioo, na ndani ya kila kioo kuna mimi mwingine anayerudi nilikotoka. Mtu wa fulana ya njano, mmoja wa wale wanaoongoza ndege sitahani, ananisimamisha. Hana uso, ana mikono tu. Namuuliza, mkuu, jikoni ni wapi? Anasema, kitendawili. Tega, nasema. Jiko langu haliongezwi kuni miaka ishirini na mitano. Najibu, hilo ni la shuleni kwetu, ndiyo maana maharagwe hayakuwa yakiiva. Hacheki, acheke na mdomo gani. Nipe mji, anasema. Nampa Nairobi, na Nairobi nzima inazimika kwenye vioo. Jibu ni meli hii, anasema, inakula moto wa nyuklia, haina shida ya kutia nanga kwenu. Hilo linanichoma, lakini natembea, na ujia unanirudisha kwake, sasa fulana ya zambarau, ya wale wanaotia ndege mafuta, mikono ileile. Nyuma yake Mwakio amenipa mgongo, anakaanga mayai ya watu elfu tano. Namwita, hageuki. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Nina mzigo, kila nikiukana unazidi uzito. Jibu nalijua. Ila nikilisema nimekwisha, nitachekwa hadi Krismasi. Basi nipe mji, anasema, na mkono wake unaelekea kioo chenye Voi, reli, kochi letu, Wakesho. Nikiitoa Voi, Mwakio atarudi wapi? Nasema, jibu ni hamu. Nimekukumbuka, Mwakio, rudi nyumbani bwana. Bega lake linaanza kugeuka, nami nafumbua macho.

Wakesho amekaa kwenye mkono wa kochi, simu ameielekeza mdomoni mwangu, kiganja kimeziba kicheko. Rudia, anasema, huenda hakusikia vizuri. Najitetea, nilikuwa nafanya mazoezi ya kuigiza. Ndani ya simu mayai yanachacharika mafutani, kisha sauti ya Mwakio inasema, nimesikia vizuri sana, mdogo wangu. Ila mbona ulisita? Voi ungeitoa kweli?