Sponji ya Shangazi

Maji yalikuwa maangavu kuliko siku zote, na samaki alikuwa anakufa ndani yake.

Alilala ubavu ndani ya tangi, chini kabisa, karibu na pampu, mashavu yakipanda na kushuka mbiombio kama ya mtu aliyepandishwa ngazi kwa kukimbizwa. Alikuwa samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda myeupe, asiyezidi kidole gumba. Upande wa pili wa kioo alikaa baba kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wake mzima kaubandika pale pale samaki alipolala. Hakunitazama nilipoingia. Nyuma yake mama alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Ana nini?" niliuliza.

"Nitajuaje mimi? Labda kachoka. Hata watu huchoka."

Alijibu bila kugeuka. Mama yangu akijibu bila kugeuka, jua kuna jambo.

Samaki yule hakuwa pambo kwetu. Baba alikuwa muuza vitambaa, mwenye mdomo wa kumuuzia kipofu kioo. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, kikaondoka na mdomo. Tulipomrudisha kutoka hospitali alinyoosha kidole, akataka kiti kigeuziwe ukutani, na pale akakaa. Daktari alisema sauti inaweza kurudi, mradi mwenyewe aitake. Tulimletea redio, tukamletea wajukuu, tukamletea rafiki zake wa dukani na umbea wao wote. Yeye na ukuta tu. Mama alianza kuongea kwa mnong'ono humo ndani, kama nyumba ina maiti, nami nilimkasirikia sana kwa hilo, maana nilikuwa nimeshaanza kunong'ona pia.

Aliyeleta tangi ni shangazi, dada yake baba, mfugaji wa samaki wa maji ya chumvi tangu sijazaliwa. Aliliweka mbele ya ule ukuta. "Kama ukuta ndio anautaka," alisema, "basi na uwe na kitu."

Niseme mapema kwamba shangazi na mama walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kwa shangazi unasogeza wavu wa samaki ndipo upate pa kukaa, na ndoo ziko mpaka chumbani. Mama alikuwa akipaita jalala. Shangazi naye alikuwa akiita kwetu chumba cha upasuaji, na akija alivua viatu mlangoni kwa madaha ya makusudi, mama amwone. Lakini siku ile ya tangi hawakurushiana maneno. Shangazi alinifundisha kukoroga chumvi kwenye ndoo na kuiacha itulie, na kupima maji kwa matone ya dawa kwenye kichupa. Mwisho akatoa sponji ya kahawia, yenye utelezi, kutoka kwenye tangi lake la zamani, akaipachika ndani ya chujio letu.

"Hii usiioshe," aliniambia. "Samaki anakojoa na kunya humo humo anamolala. Sumu hiyo inaliwa na vijidudu vilivyomo humu. Ikiziba, ikamue kidogo kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba, hapana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake begani. Katika maneno yote yale alisikia moja tu: vijidudu.

Samaki akaingia, na baba akaanza kumfuata kwa macho. Alikuwa akiamka kabla yetu, akigonga mkono wa kiti apelekwe. Siku moja nilimkuta midomo inachezacheza, anamwambia samaki kitu kisicho na sauti. Nilirudi jikoni nikalia, mama akanipa kitunguu nikimenye ili niwe na sababu.

Sasa samaki amelala ubavu. Nilifungua kifuniko cha chujio. Sponji ilikuwa ya njano, imetakata, kama imetoka dukani. Mawe ya tangini nayo meupe pe. Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani, na siku nzima nasifia kinachopitisha mwanga. Nilisimama pale nikayachukia maji yale kwa uangavu wake.

"Mama."

Kitambaa kilisimama.

"Nimevichemsha," alisema. "Juzi, ulipokuwa kazini. Ulitaka nifanyeje? Wadudu, karibu na pua ya mgonjwa!"

Nilipima. Matone yanatakiwa kubaki ya njano maji yakiwa salama. Yaligeuka kijani mbele ya macho yetu watatu. Nilikuwa na ndoo ya maji ya chumvi tayari, nikanyonya sehemu ya yale ya zamani kwa mpira, nikamimina mapya polepole. Samaki alijiinua, akayumba, akalala tena. Nilijua nimemwongezea muda tu. Kila pumzi yake ilikuwa inayachafua upya, na hapakuwa na wa kuila ile sumu.

Baba alitazama kichupa cha kijani. Kisha akautoa mkono kwenye kioo, akaushusha kwenye gurudumu, akaanza kukigeuza kiti. Polepole, kwa mkono mmoja, kuelekea ukuta mwingine.

"Mzee, usigeuke," mama alisema. "Subiri. Nakuomba subiri." Akanigeukia. "Dawa yake nini?"

"Uchafu," nilimjibu, na sikujaribu kuificha hasira yangu. "Ule ule uliouchemsha. Uko kwa wifi yako."

Alinitazama kama nimemtukana. Halafu akaiweka simu mezani, akaibonyeza kwa kidole chenye povu, nasi sote tukasikia inavyoita.

"Wifi," mama alisema, "nina shida."

"Kaka yangu ana nini?"

"Kaka yako mzima. Ni samaki. Mimi... niliosha." Mama alifumba macho. "Wifi, naomba uchafu wako."

"Upi? Mimi ninao wa kila aina."

Nikasikia mkwaruzo, nikadhani pampu imevuta hewa. Sasa hivi tena! Niliikimbilia. Pampu ilikuwa nzima. Ule mkwaruzo ulikuwa unatoka kwa baba. Mdomo ulikuwa umepanda upande mmoja, mabega yanamtikisika, na sauti inatoka kwa kukwama kwama, mbovu, yenye kutu. Miaka imepita na bado nikiikumbuka nywele zinanisimama. Baba alikuwa anacheka.

"Unanicheka?" mama alisema, na machozi yakamshuka. "Mimi nadhalilika hapa, wewe unanicheka?"

Alizidi kucheka. Mkono kwenye gurudumu ulikuwa umesahau kazi yake.

Shangazi alifika na kopo limejaa maji ya tangi lake, sponji inaelea ndani. Hakuvua viatu. Alinipita mimi, akamkabidhi mama. Mama akapandisha mikono ya gauni, akaikamua sponji ile ndani ya tangi, akakamua tena, mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa na samaki akapotea kabisa. Kilichobaki akakipachika kwenye chujio.

Tuliendelea hivyo hadi jioni, mimi nabadilisha maji kidogo kidogo, shangazi anapima, mama kasimama. Ukungu wa tangini uliposhuka, baba aliona kabla yetu. Alinyoosha kidole, akatoa sauti iliyokaribia kuwa neno, na pale alipoonyesha, juu, karibu na mkondo wa pampu, rangi ya chungwa ilikuwa imesimama wima.

Mama aliudaka mkono ule, akaubana shavuni pake, akaushikilia. Vidole vya mama vilikuwa bado na utando wa kahawia, hadi chini ya kucha. Alikuwa hajanawa.