Mkanda Uliopishana

Jina la Macho alibandikwa na baba yake mdogo, kwa sababu akikukuta unafanya kazi alikutazama mpaka mikono yako ikakosa raha. Baba mdogo alikuwa fundi majokofu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye meli moja ya bati, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye gurudumu la makasia kila ubavu. Ilitoka dukani na mota ya betri. Macho ndiye aliyemtia maneno waing'oe, waweke injini ya mvuke. Wakaunga boila ndogo kwa shaba iliyobaki kwenye majokofu, na chini yake taa ya spiriti.

Sasa meli ilikuwa ndani ya hodhi la kufulia uani, na Macho ameinama ukingoni. Shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa akimfundisha kushona, alikuwa ameweka sharti.

"Ikivuka leo mpaka ukingo wa pili, nenda karakana kwa mdogo wangu ukapakwe masizi moja kwa moja. Isipovuka, unarudi kwangu kwenye pindo, na habari za mvuke nisizisikie tena."

"Dada, we andaa makofi tu," baba mdogo akasema.

Boila ikaanza kunong'ona, kisha kukoroma. Baba mdogo akafungua koki. Magurudumu yakatikisika, yakachapa maji pwa-pwa-pwa, na meli ikaondoka kwa madaha yote, kinyumenyume. Ikagonga ukingo wa nyuma kwa makalio.

Shangazi alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo. "Jamani, imesahau nini nyumbani?"

Baba mdogo akajikuna kisogo. "Injini inazunguka kinyume. Kuigeuza ni kufumua mabomba yote. Labda wiki ijayo."

"Sharti ni la leo, baba. Wiki ijayo tuna sare za shule, mapindo tele."

Macho alikuwa ametoa macho kwenye mkanda mdogo wa mpira uliotoka kwenye injini kwenda kwenye ekseli ya magurudumu.

"Shangazi, unakumbuka siku niliyovalisha mkanda wa cherehani ukiwa umepishana?"

"Nitasahauje? Cherehani ilizunguka kinyume, ikatafuna shati la mteja!"

"Basi ngoja. Ba'mdogo, zima taa."

Akauvua mkanda, akaupishanisha katikati kama namba nane, akauvalisha tena. Taa ikawashwa. Koki ikafunguliwa.

Meli ikaenda mbele.

"Twende, mama! Kasia! Kasia!" Ni shangazi huyo, anakimbia kando ya hodhi, kanga inamdondoka. Pua ya meli ilipogusa ukingo wa pili, yeye ndiye aliyeruka juu kuliko wote.

"Dada, kwani uko upande gani?"

"Upande wa mwanafunzi wangu! Hilo kosa kalijulia kwangu. Wewe umemfundisha nini?"

"Kwa hiyo arudi kwako?"

Macho akabana pumzi. Shangazi akamtazama, akavua aproni yake, akamfunga kiunoni na kukaza fundo.

"Masizi hayatoki kwenye gauni," akasema. "Nenda. Na ukiichana, utaishona mwenyewe."

Kisha akapandisha mikono ya gauni. "Haya, igeuzeni meli. Safari hii koki nafungua mimi."