Macho ya Rosaire

Kila Agosti, bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu, zikiiva kwenye nyika zilizoungua kaskazini mwa ziwa la Saint-Jean, Odile Maltais alisimama kwenye ukumbi wa kanisa letu kulisifu tunda letu. Alikuwa amepikia watoto wa shule miaka mingi, na mdomo alijaliwa.

"Kikombe kimoja tu," alikuwa akisema, "kina vitamini C, kina vitamini K ya kugandisha damu ukijikata, kina nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, na wala hakinenepeshi. Hiyo rangi inayowachafua meno ndiyo rafiki wa mishipa yenu ya damu."

Mpaka hapo hakuwa amepotosha mtu. Tatizo ni kwamba alipoona watu wamechangamka, alishindwa kunyamaza.

"Na macho je? Dubu anazila kutwa, mmeshamwona amevaa miwani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa kaka yake Rosaire, mjane, mstaafu wa kiwanda cha mbao.

Baridi ilipoingia mwaka mmoja, daktari alimwambia Rosaire kwamba ana presha ya macho, akampa matone ya kutia kila jioni. Matone yalimchoma. Jumapili moja, wakila mezani kwa Odile, akalalamika.

"Haya madude nikitia naonekana kama nimetoka baa."

"Basi yaache," Odile akamwambia huku akimkatia kipande cha pai. "Friza yangu imejaa bluberi. Kula bakuli asubuhi, bakuli jioni. Rangi ile inafika mpaka nyuma ya jicho."

"Una hakika?"

"Kati yangu na wewe, nani anayesoma mambo haya?"

Rosaire akayaacha. Ugonjwa ule hauumi, na akiulizwa hali alijibu kwamba anaona vizuri. Odile akawa anawaeleza majirani jinsi kaka yake alivyopona bila kemikali.

Agosti iliyofuata walikwenda kuchuma kama kawaida, kila mmoja na ndoo yake na chanuo lake la kukusanyia matunda. Odile, aliyekuwa nyuma, akaona Rosaire ameuruka ukanda mzima wa vichaka upande wake wa kushoto, vimeinama kwa matunda.

"Kaka, siku hizi umekuwa bwana mkubwa? Hizi huzitaki?"

"Zipi?"

"Hizo hapo, karibu na mguu wako."

Rosaire akageuza kichwa chote, polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Ah, hizo. Nilikuachia wewe, usije ukanililia."

Akapiga hatua, akaipiga teke ndoo yake mwenyewe. Bluberi zikamwagika mchangani. Akapiga magoti kuzikusanya, na Odile akauona mkono wake ukipapasa mahali pasipo na kitu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Rosaire."

Kaka yake hakuinua uso. "Tangu Pasaka hivi. Nilidhani bluberi zinahitaji muda zaidi."

Hospitali ya mjini waliingia pamoja. Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole, alimpima kisha akauliza, "Matone ulikuwa unatia?"

"Nilikuwa nasahau, daktari," Rosaire akasema. "Uzee."

Odile alikuwa ameketi kando yake, mkoba mapajani. Daktari akaeleza kwamba uoni uliopotea haurudi, ila uliobaki unaweza kulindwa kama hataruka matone tena. Asiendeshe gari mpaka apimwe upya. Kisha akamgeukia Odile.

"Na wewe, mama, uwe unamkumbusha."

"Nitamkumbusha," Odile akajibu, na uso ukamwaka moto mpaka shingoni.

Nje, Rosaire alishika usukani kama vile hajakatazwa kitu, naye Odile akakaa akimtajia yanayokuja kushoto.

"Kwa nini hukumwambia kwamba ni mimi?" akamuuliza.

"Nimwambie nini? Mdomo uliokula ni wangu."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Siku ya sherehe ya mavuno ikafika, na Odile hakuthubutu kukataa kuzungumza. Alitaja vitamini na nyuzinyuzi, akataka kukaa. Mtu akapaza sauti nyuma, "Mbona dubu umemruka?" Watu wakacheka. Hapo Marielle wa duka la mikate akanyoosha mkono.

"Mimi nataka kumshukuru Odile kwa ajili ya mama yangu. Vidonge vya presha kavifungia kabatini, siku hizi ni bluberi tu."

Watu wakapiga makofi. Odile akaushika ukingo wa meza.

"Marielle, toka sasa hivi ukampigie daktari wa mama. Usingoje keki." Makofi yakakatika. "Bluberi ni chakula. Chakula kizuri, na mimi nitakila mpaka nife. Lakini si dawa ya presha, wala si dawa ya macho. Nilimwambia kaka yangu aache matone yake, na sasa upande wa kushoto haoni."

Vichwa vyote vikamgeukia Rosaire. Alikuwa amekaa benchi la ukutani, kofia mkononi, masikio mekundu. Alisimama, akatoka, akijigonga kwenye kiti cha mtu.

Odile alimkuta kwenye gari.

"Nilitaka wajue kwamba kosa ni langu," akamwambia.

"Wamejua kwamba mimi ni kipofu. Na Gervais wa polisi yuko mstari wa mbele anatafuna keki." Akamtupia funguo. "Haya, endesha."

Odile hakuwa ameshika usukani tangu mumewe afariki. Alikwenda taratibu mno, na nyuma yake ukajipanga msururu mrefu wa magari ya watu waliotoka ukumbini. Hakuna hata mmoja aliyempigia honi.

Mama yake Marielle alirudia vidonge na mpaka leo yupo. Uoni wa Rosaire uliobaki haukupungua tena. Lakini Jumapili hakuja kwa dada yake mpaka theluji ilipoanguka. Siku aliyokuja alikuja kwa miguu, akapangusa viatu mlangoni, akaketi. Odile akampakulia supu ya njegere.

"Chumvi imezidi," Rosaire akasema, akaendelea kunywa.

Odile akamwongeza bila kujibu. Alifurahi kwamba amekuja, lakini chakula kile chote alikila macho yakiwa kwenye sahani.