Masikio ya Mikidadi

Kwa miaka kumi na mmoja Mikidadi aliliendesha gari la Mzee Bwanaheri, mfanyabiashara wa mbata za nazi pale Bagamoyo. Lilikuwa gari kubwa jeusi lenye viti vya ngozi, lililonunuliwa kwa Mzungu mmoja wa shamba la katani aliyekuwa akirudi kwao. Kufikia mwaka 1954 lilikuwa limechoka. Rejeta ilivuja, breki hazikushika mpaka zikanyagwe mara mbili, na kila lilipolala liliacha doa la mafuta mchangani. Yote hayo Mikidadi aliyamudu kwa masikio yake. Gari likikohoa tu, ameshajua ni plagi ipi.

Lakini tangu mwisho wa masika masikio hayo yalikuwa yakiziba taratibu. Hakumwambia mtu ila mkewe, Sihaba. Kila asubuhi Sihaba alisimama kando ya boneti, akasikiliza, kisha akamwinamia mumewe: "Leo injini inagonga kidogo, upande huu." Naye akatengeneza.

Siku moja Mikidadi alimpeleka mzee kijijini Ubena, mzee akamjulie hali dada yake, Mwanamvua. Walipokaribia Chalinze, aliona kwenye kioo midomo ya Bwanaheri ikicheza. Akasimamisha gari, akageuka.

"Nasema, huo mlio huusikii?"

"Mlio gani, bwana?"

Mzee aliinyoshea kidole boneti. Mikidadi alishuka na jasho shingoni, akafungua boneti injini ikiwa inazunguka. Hakusikia ila mvumo wa mbali. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye pampu ya maji, mpini akauuma kwa meno. Hapo mkwaruzo mkavu ukampanda mpaka ndani ya fuvu.

"Beringi ya pampu imekauka," alisema. "Nitaitia grisi, tutafika, ila twende polepole." Akaifuta bisibisi kwa kitambaa. "Bwana, masikio yangu yamekwisha. Ilinipasa nikwambie zamani. Ukitafuta dereva mwingine, sitakulaumu."

Bwanaheri alishuka, akamsogelea karibu ili asikike.

"Tangu Mfungo Mosi, mwezi ule wa Idi, nakuita hugeuki. Nikadhani nimekukosea jambo."

Mikidadi alirudi kwenye pampu. Aliitia grisi, akafunga boneti. Aliporudi kwenye usukani, alimkuta mzee ameketi kiti cha mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja.

Njia nzima Bwanaheri alimgusa bega kila aliposikia kitu. Mara nyingi yalikuwa mawe tu yakirukia chini ya gari, na Mikidadi alisimama kila mara, akakagua, akarudi akitabasamu. Ubena waliingia alasiri, na juma lililofuata pampu mpya ikafungwa.

Mzee hakurudi tena kiti cha nyuma, ingawa kilikuwa kizima. Watu wa mjini walipomuuliza mbona tajiri anakaa mbele na dereva, aliwajibu kwamba springi za kule nyuma zimekatika, zinamchoma.